Kinachomwasha ni Nini? Mhadhara Kuhusu Mzio wa Ngozi kwa Mbwa na Paka



Nianze na jambo ninaloliona kuwa kiini cha yote nitakayosema leo. Mwasho ni dalili, na dalili hiyo ina vyanzo vingi vinavyofanana sura. Mtu anayeingia kwa daktari wa mifugo na kusema, "Daktari, mchome mbwa wangu ile sindano ya kujikuna," ameomba dawa kabla ya kuuliza kinachomwasha mbwa wake. Sindano hiyo ipo na inafanya kazi. Baada ya siku moja au mbili mbwa analala usingizi mzuri, na nyumba nzima inapumua. Majuma machache yakipita, anarudi palepale. Ngozi imekuwa nene na nyeusi zaidi, na sindano ya pili haidumu kama ya kwanza. Nimekutana na wanyama walioishi hivyo kwa miaka, na inaniuma, kwa sababu wengi wao wangeishi vizuri kama mtu angefuata utaratibu tangu mwanzo. Utaratibu huo ndio ninaotaka tuupitie pamoja.

Kinga ya mwili kazi yake ni kupambana na bakteria, virusi na minyoo. Kwa mnyama mwenye mzio, kinga hiyohiyo inakivamia kitu ambacho kwa wenzake hakina madhara yoyote: tone la mate ya kiroboto, vumbi la nyumbani, chavua ya majani, hata kipande cha nyama ya ng'ombe. Ujuzi huu tuliupata kwa gharama ya mbwa. Mwaka 1901 wanasayansi wawili wa Ufaransa, Charles Richet na Paul Portier, walisafiri katika meli ya Mwanamfalme Albert wa Kwanza wa Monaco wakichunguza sumu ya viumbe wa baharini wanaochoma. Waliporudi Paris waliendelea na sumu ya kiumbe mwingine wa jamii hiyo, wakawachoma mbwa dozi ndogo wakitumaini kuwazoesha ili wasidhurike. Mbwa mmoja aliyeitwa Neptune aliipokea dozi ya kwanza bila shida. Majuma kadhaa baadaye, akiwa mzima kabisa, alipewa dozi nyingine ndogo. Hakumaliza nusu saa, akafa. Richet na Portier walitangaza matokeo hayo mwaka 1902, na mwaka 1913 Richet akapewa Tuzo ya Nobel. Walichokigundua ni kwamba mwili ukikutana na kitu mara ya kwanza, badala ya kukizoea, unaweza kujiandaa kukivamia kwa ukali watakapokutana tena.

Ndiyo maana sikubaliani na mfugaji anayeniambia, "Haiwezi kuwa chakula, kwa sababu amekila tangu mdogo." Mwili haupati mzio wa kitu usichokijua. Mbwa anaweza kula nyama ya ng'ombe miaka minne bila tatizo, na mwaka wa tano akaanza kujikuna kwa sababu ya nyama hiyo.

Binadamu wengi wenye mzio hupiga chafya na kutokwa machozi. Kwa mbwa na paka mzio huonekana zaidi kwenye ngozi na masikioni. Tena kila mnyama ana kiasi cha mwasho anachoweza kukivumilia kabla hajaanza kujikuna. Chukulieni ndoo: viroboto wanamimina kidogo, vumbi kidogo, bakteria kwenye ngozi kidogo, chakula kidogo, hadi ndoo inafurika. Huhitaji kuimwaga yote. Ukipunguza vile vinavyopunguzika, mara nyingi mnyama anarudi chini ya ukingo na kutulia, hata kama mzio wenyewe haujaondoka.

Kwa hiyo tunaanza na kile kinachopunguzika kwa urahisi zaidi, yaani viroboto.

Huku kwetu pwani, joto na unyevu wa mwaka mzima ni raha tupu kwa kiroboto. Aina inayowasumbua zaidi mbwa na paka ni moja, yule ambaye wataalamu humwita kiroboto wa paka. Jike mmoja anaweza kutaga mayai kama 40 hadi 50 kwa siku. Mayai hayashiki kwenye manyoya. Yanadondoka pale mnyama anapolala, kwenye mchanga wa kivulini, chini ya mkeka, kwenye nyufa za sakafu, uvunguni mwa kochi. Mabuu yakitoka yanakimbia mwanga na kula damu kavu iliyoanguka kama kinyesi cha viroboto wakubwa. Kisha yanajifungia ndani ya kifuko ambacho dawa nyingi haziwezi kukipenya, na humo yanaweza kukaa miezi yakisubiri mtikisiko au joto la mnyama anayepita. Viroboto wakubwa unaowaona kwenye mwili ni kama asilimia 5 tu ya jamii nzima iliyomo nyumbani. Asilimia 95 iliyobaki ni mayai, mabuu na vifuko, na haimo kwenye mbwa. Mtu anayemwogesha mbwa kwa dawa mara moja na kuacha mahali anapolala vilevile hajafanya kitu cha kudumu.

Wenye mzio wa mate ya viroboto hawahitaji viroboto wengi. Kuumwa mara chache kunatosha kumfanya mnyama ajikune kwa siku kadhaa. Hapa ndipo wafugaji wengi wanapopotea: wanamkagua mbwa, hawaoni kiroboto hata mmoja, wanahitimisha kwamba chanzo si hicho. Mbwa anayejitafuna mchana kutwa huwameza viroboto wake, na paka anayejilamba huwamaliza kabisa. Wengine hupata minyoo ya tegu kwa njia hiyohiyo. Usitafute kiroboto, tafuta kinyesi chake. Mchane mnyama kwa kitana chenye meno ya karibu, karibu na shina la mkia, udondoshe uchafu mweusi utakaotoka juu ya karatasi nyeupe iliyolowa maji. Udongo unabaki kahawia. Kinyesi cha kiroboto kinaacha doa jekundu, kwa sababu ni damu.

Mahali pa mwasho napo panasema mengi. Mbwa mwenye mzio wa viroboto huharibika kiunoni, kwenye shina la mkia na nyuma ya mapaja. Akijitafuna hapo, manyoya yakipukutika kuanzia katikati ya mgongo kwenda nyuma, mimi sihangaiki na vipimo vya gharama kabla viroboto hawajashughulikiwa kikamilifu. Na kikamilifu maana yake ni kila mbwa na kila paka wa nyumba hiyo, kwa pamoja, kwa miezi isiyopungua mitatu mfululizo, ili vifuko vyote vilivyojificha vifunguke na kila kiroboto anayetoka akutane na dawa. Matandiko yafuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Banda lifagiliwe hadi pembeni. Vidonge vya kisasa vinavyoua viroboto na kupe, vile vya kumpa mbwa mara moja kwa mwezi au kwa miezi mitatu, vimerahisisha kazi hii sana, na kwa mbwa anayelala nje ningevichagua kabla ya dawa ya kuogesha.

Kwenye maboma yenye kuku kuna kiroboto mwingine, anayeng'ang'ania kwenye kope, ncha za masikio na kati ya vidole kama vitone vyeusi visivyotikisika. Huyo hatoki bila banda la kuku nalo kutibiwa. Na kwenye mchanga wenye funza, kagueni nyayo: mbwa ni mmoja wa wanyama wanaowabeba funza, na mbwa anayelamba vidole huenda hana mzio kabisa.

Hili la funza linanifikisha kwenye jambo ambalo daktari yeyote lazima alifanye kabla ya kutamka neno mzio: kuhakikisha kwanza si upele wala mapunye. Upele wa mbwa husababishwa na utitiri unaochimba ndani ya ngozi; unawasha kuliko karibu kila kitu, unaanza kwenye ncha za masikio na viwiko, na unaweza kumwasha mtu anayembeba mbwa. Mapunye kwa paka ni fangasi, na watoto wanaocheza na paka huyo wanaweza kuyapata. Kukwangua ngozi kidogo na kuiweka chini ya hadubini ni kazi ya dakika chache, na kubandika utepe wa gundi kwenye ngozi yenye mafuta ni rahisi zaidi. Utepe huo huonyesha bakteria na kuvu viitwavyo Malassezia, ambavyo huzaliana kupita kiasi kwenye ngozi iliyochokozwa na mzio. Ile harufu nzito ya mbwa mwenye ngozi mbaya, ile ambayo wenye nyumba hudhani ni uchafu, mara nyingi ni ya maambukizi haya. Nayo yenyewe yanawasha. Mwogeshe kwa shampuu yenye klorheksidini mara mbili kwa juma, ukiliacha povu likae dakika 10 kabla ya kusuuza. Watu wengi husuuza mapema na kulalamika kwamba shampuu haifai. Msinunue kapsuli za kuua bakteria dukani kwa kukisia. Bakteria wa ngozi ya mbwa wameshazizoea dawa nyingi, na dozi ya nusu inazidi kuwafunza.

Viroboto wameisha, maambukizi yametibiwa, upele haupo, na mnyama bado anajikuna. Sasa tunauliza chakula.

Mbwa wa nyumba nyingi za kwetu hula ugali, dagaa, utumbo, mifupa na makombo. Paka hula dagaa, samaki na wali. Katika tafiti zilizokusanywa sehemu mbalimbali za dunia, vyakula vinavyotajwa zaidi kwa mbwa ni nyama ya ng'ombe, maziwa, kuku na ngano. Kwa paka ni nyama ya ng'ombe, samaki na kuku. Vipimo vya damu vya mzio wa chakula haviaminiki, na nasikitika kuona watu wakitoa fedha nyingi kwa ajili yake. Kipimo cha kweli ni kumlisha mnyama, kwa majuma 8, protini moja ambayo hajawahi kuila, pamoja na wanga mmoja. Kwa mbwa aliyelelewa kwa dagaa na nyama ya ng'ombe, hiyo inaweza kuwa sungura kwa viazi vitamu, au mbuzi kama kweli hajawahi kumla. Kwa majuma hayo hakuna mfupa, hakuna maziwa, hakuna kipande cha chapati anachotupiwa na mtoto. Kosa moja linairudisha safari nzima nyuma. Akipata nafuu, mrudishieni chakula cha zamani kwa makusudi. Mwasho ukirudi ndani ya siku chache hadi majuma mawili, jibu limepatikana. Bila hatua hii ya mwisho hamtajua kama alipona kwa chakula au kwa msimu kubadilika.

Paka anahitaji tahadhari mbili. Asikae na njaa ili kumlazimisha kuzoea chakula kipya, kwa sababu paka asiyekula kwa siku chache, hasa mnene, anaweza kuharibika ini. Badilisheni polepole. Na chakula cha kupika nyumbani kinafaa kwa jaribio tu. Kwa muda mrefu paka anahitaji virutubisho ambavyo nyama ya kuchemsha na viazi havimtoshelezi.

Mnyama akibaki anajikuna hata baada ya hayo, ndipo tunapozungumza juu ya mzio wa mazingira: vumbi lenye utitiri usioonekana kwa macho, ukungu wa kuta zenye unyevu, chavua. Kwa mbwa kwa kawaida huanza kati ya umri wa miezi 6 na miaka 3. Analamba nyayo hadi manyoya meupe yanageuka rangi ya kutu kwa mate. Anasugua uso kwenye kochi. Kwapani na kwenye kinena ngozi inawiva. Masikio yanaugua, yanatibiwa, yanaugua tena. Mbwa anayerudi na sikio mara kwa mara, mchunguzeni ngozi yote. Kuna koo zinazoelekea huko zaidi, nao mbwa wa Kijerumani tunaowapenda kwa ulinzi ni miongoni mwao. Hakuna kipimo kimoja kinachothibitisha mzio huu. Unathibitishwa kwa kuviondoa vingine vyote, na ndiyo sababu nimewapitisheni njia ndefu kuufikia.

Nataka nikae kidogo kwa paka, kwa sababu paka huonewa na ukimya wake. Mbwa hujikuna mbele za watu. Paka hujilamba faraghani, na mwenye nyumba huona tu kwamba tumbo limebaki bila manyoya, akadhani manyoya yanadondoka yenyewe. Yakiwekwa chini ya hadubini, ncha zake zinaonekana zimekatika: yamelambwa hadi yakakatika. Dalili nyingine ni vipele vidogo vigumu shingoni na mgongoni, ambavyo vidole huvihisi kabla ya macho kuviona, au kidonda kinachokula mdomo wa juu bila kumuuma. Huku pwani kuna pia mzio wa mbu. Paka anapata vipele na magamba puani na kwenye masikio, mahali penye manyoya machache, na watu huogopa saratani. Mfungieni ndani ya chumba chenye nyavu madirishani jioni hadi asubuhi. Kama ni mbu, pua inaanza kupona ndani ya siku chache.

Na paka ndiye anayekufa kwa dawa za watu. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrini, tone la kutosha mbwa mdogo, inaweza kumtia paka mitetemeko, degedege na kumuua, hata kama alilala tu ubavuni mwa mbwa aliyepakwa. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja. Amitrazi, iliyomo kwenye dawa nyingi za kuogeshea ng'ombe, si ya paka. Oili chafu ya gari, ambayo bado inapakwa kwa mbwa mtaani kama dawa ya upele, inachoma ngozi, inalambwa na kuingia tumboni na sumu zake zote; mafuta ya taa hali kadhalika. Ninaelewa kwa nini watu wanafanya hivyo: dawa ni ghali, daktari yuko mbali, na mnyama anateseka mbele yako. Lakini shampuu na dawa halali ya viroboto ya mwezi mmoja zinakuja kuwa nafuu kuliko kumtibu mbwa aliyeungua. Sindano ya ivermektini ya ng'ombe nayo si ya kukisia kwa jicho. Mbwa wa koo za Collie na baadhi ya jamaa zao wana hitilafu ya kurithi, iliyotambuliwa mwaka 2001, inayoiruhusu dawa hiyo kuingia kwenye ubongo.

Sasa dawa za mwasho wenyewe. Steroidi, kama prednisoloni, nazitumia na siwaogopeshi nazo. Kwa muda mfupi, kwa vidonge vinavyopunguzwa taratibu, zinampa mnyama pumziko wakati tunatafuta chanzo. Tatizo ni sindano ya kudumu muda mrefu inayorudiwa kila mwezi bila swali: mbwa anakunywa maji kupita kiasi, anakojoa ndani, anavimba tumbo, ngozi inakuwa nyembamba, paka anaweza kuishia na kisukari. Kidonge unaweza kukipunguza taratibu hadi kukiacha. Sindano hiyo ikishaingia, huwezi kuitoa.

Dawa za kupunguza histamini, zile za mafua ya chavua kwa watu, humsaidia mbwa kidogo, kwa sababu mwasho wake hupita zaidi kwenye ujumbe mwingine wa mwili uitwao intalukini 31. Ugunduzi huo umezaa dawa za mbwa, zikiwemo hizi mbili: kidonge cha oklasitinibu, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2013 kwa mbwa waliotimiza mwaka mmoja, na sindano ya lokivetmabu, inayonasa ujumbe huo na kumpa mbwa nafuu ya majuma kadhaa. Hiyo ya sindano si ya paka. Siklosporini hutumika kwa wote wawili, ila inahitaji mwezi au zaidi kabla haijaonyesha kazi. Bei za dawa hizi zote bado ni nzito kwa wengi wetu, ndiyo maana nimetumia muda mwingi kwenye viroboto na shampuu kuliko kwenye dawa hizi.

Ipo pia tiba ya kumzoesha mnyama kile kinachomdhuru, kwa dozi ndogo zinazoongezwa polepole. Hapo ndipo vipimo vya damu au vya ngozi vya mzio wa mazingira vina kazi: kuchagua cha kuweka kwenye dawa. Ni tiba ya mwaka mzima kabla ya kuhukumu, na zaidi ya nusu ya mbwa hupata nafuu. Kwa mbwa mchanga mwenye miaka kumi mbele yake, ikipatikana, ni chaguo la kufikiria kwa uzito.

La mwisho linahusu siku ya kwenda kwa daktari. Kwenye nyumba nyingi mwenye mbwa si yeye anayemwona mbwa. Mbwa wa ulinzi anafungwa mchana na kufunguliwa usiku. Kwa familia nyingi hapa, kwa sababu za dini, hashikwi na mtu wa ndani. Anayemlisha ni mlinzi, na anayejua paka analala wapi ni dada wa kazi. Hao ndio wanaojua mwasho ulianza lini, kama ulianza kabla ya ngozi kuharibika au baada yake, anakula nini hasa pamoja na anachookota jalalani, na kama alikuwa na nafuu wakati wa kiangazi. Hayo ndiyo maswali daktari atakayouliza, nawe huenda huna majibu. Njoo naye mlinzi, au njoo na dada, na umpe nafasi aongee yeye kwanza.